Sura ya Kwanza ya Kila Kitabu

Kama kuna kitu Kiranja alikichukia kuliko baridi ya alfajiri ndani ya lile basi, ni sauti ya baba yake akisafisha koo kabla ya kufundisha. Ilikuwa sauti ya mtu anayejiandaa kuhutubia taifa. Kumbe mbele yake wamekaa watoto watatu wa kuwazaa mwenyewe, juu ya mkeka, na mmoja wao anajikuna mguu.

"Karibuni tena kwenye Darasa Lenye Magurudumu!" baba alisema, meno yote nje. "Darasa lisilo na kuta, lisilo na kengele, lisilo na fimbo!"

Wala mwalimu, Kiranja alimalizia moyoni. Alimalizia hivyo kila mara, kama mtu anayeitikia dua.

Kule mtandaoni baba huyu aliitwa Profesa. Jina alijipa mwenyewe, wafuasi wakalipokea bila kuuliza alilisomea wapi. Zamani alikuwa muuza bima, tena hodari, wa kumshawishi marehemu akate bima ya maisha. Siku moja akagundua, au alisema amegundua, kwamba shule zinaua akili za watoto. Akaacha kazi, akanunua basi dogo kuukuu, akang'oa viti, akapigilia vitanda vya mbao, na ubavuni akachora kitabu chenye matairi. Mke wake, muuguzi wa wodi ya wazazi aliyekuwa na mikono ya kupokea watoto wa watu, akakabidhiwa kamera. Tangu hapo wakawa barabarani, mji baada ya mji, na nyuma yao vumbi na pongezi za watu wasiowajua.

Kila mtu ndani ya basi alipewa jina la kazi. Mtoto wa kati, mvulana wa miaka kumi na mitatu, akawa Rubani kwa sababu alikaa mbele na ramani. Huyo aliweza kukuambia tairi lipi limepungua upepo kwa kulipiga teke tu, lakini ukimwambia agawe kumi na saba kwa tatu anakutazama kama umemtukania ukoo. Kitinda mimba, msichana wa miaka minane, aliitwa Kasuku, kwa kuwa alirudia vizuri. Na mkubwa wao, msichana wa miaka kumi na sita, akawa Kiranja.

"Kila darasa lazima liwe na kiranja," Profesa alisema siku ile, akimpiga begani mbele ya kamera.

Kazi ya kiranja wa shule isiyokuwepo ilikuwa moja: kusimama nyuma ya mama, upande usioonekana kwenye video, ameinua kibao cheusi juu ya bega la mama, na kwenye kibao ameandika jibu kwa chaki, herufi kubwa. Profesa akiuliza, "Kasuku, maji yana hali ngapi?" Kasuku ananyanyua macho kidogo, anaona TATU, anasema "Tatu!" Alikuwa ameshazizoea sura za yale maneno, kama mtoto anavyozoea nembo za maduka. Profesa anageukia kamera na kufungua mikono: mnaona?

"Hatudanganyi mtu," alimwambia Kiranja alipohoji mara ya kwanza na ya mwisho. "Tunawakinga wenzako na aibu. Mtoto akiaibishwa mbele ya watu, akili inafunga mlango."

"Na akijibiwa kila swali, inafungua?"

"Wewe una mdomo. Shika kibao."

Akashika kibao. Lakini macho hakuna anayemshikia mtu, na macho ya Kiranja yaliona kila kitu. Yaliona kwamba Profesa hakuwahi kufundisha sura ya pili ya kitabu chochote. Sura ya kwanza ni nzuri: ina picha, ina maelezo matamu, ina swali moja jepesi mwishoni. Sura ya pili ndiyo yenye jasho, na jasho halina watazamaji. Nani akae atazame mtoto akilia juu ya sehemu za desimali? Kwa hiyo walipofika mji mpya, Profesa alinunua kitabu kipya, akasafisha koo, akaanza upya. Kiranja alijua historia ni nini, jiografia ni nini, kemia ni nini. Alijua maana ya kila somo duniani, na hakuna somo alilofundishwa.

Yaliyobaki alijifundisha. Basi likiwa njiani, wenzake wamelala na Profesa anaimba kwenye usukani, yeye alijilaza kitanda cha juu, pua karibu iguse bati, na vitabu vya mitumba alivyoviokota sokoni. Sura ya pili, ya tatu, ya kumi. Alikosea, akafuta, akakosea tena, hakuna aliyempongeza wala kumpiga picha. Baba yake hakujua, kwa kuwa jambo lisilopita mbele ya kamera kwake halikutokea. Kitu kimoja tu vitabu havikuweza kumpa. Viliandika: chukua kichupa, mimina asidi, tazama rangi. Kiranja hakuwahi kukishika hicho kichupa. Alikuwa amezitazama rangi za watu wengine, kwenye karatasi, tena nyeusi na nyeupe.

Ndipo basi likafa giaboksi.

Likafa vizuri kabisa, kwa mlio wa debe la misumari, katika mji anaokaa Mama Mkubwa, dada wa mama yao tumbo moja. Fundi aliingia uvunguni, akatoka na uso wa msiba, akasema kifaa kitaagizwa mbali. Profesa akatengeneza video kuhusu subira. Kisha familia nzima ikahamia kwa Mama Mkubwa, na mikeka na kamera na kibao.

Mama Mkubwa alikuwa mkuu wa shule. Nyumba yake ilipakana na uwanja wa shule yenyewe, msingi huku na sekondari kule, na dirisha la chumba walicholala wasichana lilitazama moja kwa moja kwenye maabara. Asubuhi ya kwanza Kiranja alisimama hapo mswaki mdomoni mpaka povu likamchuruzika kidevuni. Ng'ambo, msichana wa rika lake alikuwa ameinua kichupa chembamba cha kioo dhidi ya mwanga, anakitikisa taratibu, na rangi ndani ikageuka. Yule msichana akapiga miayo. Alipiga miayo! Kiranja alitamani avuke dirisha akamzabe kibao cha mashavu.

Mama Mkubwa hakuwa mwanamke wa kuzungukazunguka. Jioni ya pili, walipokuwa mezani, alivaa miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, akamtazama Kasuku kama anayesoma lebo ya dawa.

"Shemeji, huyu mdogo yuko darasa la ngapi?"

"Sisi hatuna darasa la ngapi, shemeji," Profesa alisema, akijiegemeza. "Mtoto si ghorofa."

"Sawa. Anajua kusoma?"

"Anajua kufikiri! Kasuku, mwambie mama yako mkubwa, maji yana hali ngapi?"

Kasuku akanyanyua macho juu ya bega la Mama Mkubwa, akautazama ukuta. Ukuta ulikuwa mtupu. Mdomo ukamcheza. Kiranja, bila kukusudia, kwa mazoea tu kama mguu unavyotafuta ndala, akaweka vidole vitatu kando ya kikombe.

"Tatu!" Kasuku akasema.

Mama Mkubwa alitazama vidole. Kisha akatazama ukuta nyuma yake. Kisha akamtazama mdogo wake, yaani mama yao, ambaye alikuwa ghafla anashughulika sana na kijiko.

"Nimeuliza kusoma," alisema. "Sikuuliza maji."

"Haya ndiyo yaliyonitoa mjini," Profesa alicheka. "Kupima, kupima, kupima. Mtoto si kitambaa."

"Si ghorofa, si kitambaa. Mwisho utaniambia mtoto si mtoto. Jumamosi darasa langu moja liko tupu. Waje wafanye mtihani wa kuwapima, kila mtu kiwango chake."

"Mtihani!"

"Unauogopa?"

Hapo alimgusa penyewe. Profesa angeweza kuvumilia njaa, mvua na giaboksi, lakini si kuambiwa anaogopa, tena mbele ya mke wake. Akanyoosha mgongo. Kiranja aliona jicho lake likipita kwa Kasuku, likaruka haraka, likapita kwa Rubani, likaruka haraka zaidi, likatua kwake.

"Wadogo bado wanapikwa," Profesa alisema. "Ila huyu, huyu ndiye zao langu lililokomaa. Mpe mtihani wa kidato cha pili. Akifaulu?"

"Nikifaulu naingia kidato cha tatu?" Kiranja aliuliza.

"Nyamaza, wakubwa wanaongea. Akifaulu, shemeji?"

Mama Mkubwa alivua miwani. "Akifaulu, nitasimama mbele ya hiyo kamera yako niseme shule yako ni shule. Mtapanda basi lenu na sitafungua mdomo tena. Akishindwa, wote watatu wanabaki hapa, wanavaa sare, na wewe ndiye utakayefunga mdomo. Na wadogo nao watakaa humo Jumamosi, niwaone tu."

"Tumekubaliana!" Profesa akampa mkono juu ya bakuli la mchuzi.

"Mimi siwezi kuwa zao?" Rubani aliuliza.

"Kula, Rubani."

Hakuna aliyemuuliza Kiranja. Alikaa pale kama mbuzi mnadani, anasikia bei yake. Akifaulu, amejifungia mwenyewe mlango wa maabara, na Profesa atamzungusha mji kwa mji kama kikombe cha ubingwa. Akishindwa, atabaki, lakini ashindwe vipi, yeye, aliyekesha na milinganyo mpaka bati la basi likamchubua paji la uso? Ashindwe mbele ya yule msichana wa miayo?

Walipokuwa wanaosha vyombo alimwambia mama yake kwamba ule mtihani unamtisha.

"Utafaulu," mama alisema kwa sauti ya chini. "Najua unasoma. Kule juu huwa nakuona."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo, mama. Wewe unataka nini?"

Mama aliizungusha sahani kwenye maji, ikazunguka muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. "Mimi nashika kamera tu, mwanangu."

Kiranja alimtazama. Mikono ile iliwahi kuwavuta watu kuja duniani. Sasa ilikuwa inaogopa sahani. "Haya," alisema, akatundika kitambaa. "Endelea kushika."

Ijumaa Profesa alimwita uani kumpa mbinu. "Swali likikushinda, usitetereke. Andika kwa kujiamini. Kujiamini ni nusu ya elimu."

"Na nusu nyingine, baba?"

"Tabasamu."

Alisema bila mzaha. Huo ndio uliokuwa msiba wake: hakuwa tapeli wa kawaida, anayejua mfuko upi una ukweli na upi una uongo. Yeye alikuwa amejiuzia bima mwenyewe.

Jumamosi walikaa darasani, kila mtu dawati lake, kamera imeachwa nje kwa amri. Msimamizi alikuwa mwalimu wa hisabati, kijana mwenye chaki kwenye mkono wa shati na uso wa mtu aliyekatishwa usingizi wa mapumziko. Rubani alipewa hesabu za kugawanya. Kasuku alipewa kihadithi kifupi cha sungura na maswali chini yake. Kiranja akapewa kijitabu kinene cha maswali na kijitabu kingine cha kujibia.

Hata hawajakaa sana, Rubani akaweka kalamu, akakunja mikono, akamtazama mwalimu na kutabasamu. Kasuku akamwona kaka yake, naye akaweka kalamu, akatabasamu.

Mwalimu akajitazama shati, akajipangusa mdomo. "Mbona mnanichekea?"

"Tumemaliza," Rubani alisema.

Mwalimu akaja, akainama. "Mmemaliza nini? Umejibu moja tu. Na ni kosa."

"Ndiyo, mwalimu. Lakini..." Rubani alitafuta neno, akalikosa, akasema ukweli. "Huwa inaishia hapa."

Inaishia hapa, yaani pale ambapo Profesa husema "Tukutane somo lijalo!" na mama anazima. Kiranja alihisi masikio yanapata moto. Mwalimu alikuna kichwa, akawaambia waendelee, hapa hapaishii kitu. Rubani akashika kalamu kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Kasuku akainamia karatasi. Kisha taratibu akanyanyua macho, akayapeleka juu ya bega la mwalimu, ukutani, chini ya saa, na akayaacha hapo. Akasubiri. Alisubiri kwa adabu, mikono juu ya meza, kama abiria anayejua gari litakuja.

"Unatafuta nini huko juu, binti?"

"Jibu," Kasuku alinong'ona.

Mwalimu akacheka. Akamtazama vizuri, akaona mtoto hatanii, kicheko kikamfia mdomoni. Akageuka naye kuutazama ule ukuta.

Kiranja hakucheka. Mkono wake wa kulia, ule wa kibao, ulikuwa umeinuka nusu kutoka mezani. Akaushusha kwa mkono wa kushoto, akaukalisha kwa nguvu kama mtoto mtukutu. Kwa miaka yote alimdharau baba yake mpaka akachoka, na katikati ya dharau hiyo mkono wake haukuwahi kutetemeka hata siku moja. Kibao kilikuwa kimesimama wima, herufi kubwa, safi.

Alifungua mtihani.

Ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililomuuma. Aliyapita maswali kwa macho na yote yalimkonyeza: wewe tunakufahamu. Kulikuwa na mlinganyo ambao jibu lake lilijitokeza kabla hajamaliza kuusoma. Kulikuwa na swali la asidi na besi, zuri, lenye mtego mdogo katikati, na aliuona mtego, akauruka, akalimaliza lote kichwani kutoka juu mpaka chini. Kalamu ilikuwa inamwasha vidole. Akiandika, Profesa ataipepea karatasi hii mbele ya kamera mpaka wino ukauke mara ya pili. Tazameni, mazao ya barabara! Na Kasuku atatimiza kumi na sita akitazama kuta.

Kuandika uongo hakuweza. Kujaza upuuzi ili aonekane mjinga, mkono ungegoma. Basi alifanya kitu kingine. Alijiuliza, kwa kila swali, jambo moja tu: hili nilifundishwa na baba yangu? Kama ndiyo, aliliandika, tena kwa maneno yake yaleyale, bila kumpunguzia. Kama siyo, aliliacha jeupe.

Ilikuwa kazi nyepesi sana. Alimaliza wa kwanza. Muda uliobaki aliutumia kutazama ile nafasi nyeupe chini ya swali la asidi, kama mtu aliyefunga anayetazama sahani ya jirani, na kalamu ikabonyea hapo mpaka ikatoboa.

Jumapili mchana Profesa aliamuru matokeo yatangazwe mbashara. Alikuwa amevaa shati la kola, amepaka mafuta, na watoto amewapanga kwenye kochi kwa urefu. Mama alisimama na kamera. Watazamaji walianza kumiminika, vijimoyo vinapanda kwenye kioo kama mapovu ya sabuni.

"Ndugu zangu wapendwa, leo shule ya kuta inasalimu amri mbele ya shule ya barabara! Shemeji, lete."

Mama Mkubwa alitoa kijitabu cha majibu. "Shemeji, nakushauri tuanze kwa kuongea wawili."

"Darasa letu halina kuta. Lete." Akakinyakua. Akafungua ukurasa wa kwanza na uso ukamng'aa. "Sikilizeni! Swali: kemia ni nini? Jibu: 'Kemia ni mapishi ya ulimwengu, na kila mmoja wetu ni mpishi.' Ha! Hayo ni maneno yangu! Neno kwa neno! Shemeji, hapo kapata ngapi?"

"Nusu alama. Kwa huruma."

"'Atomu ni ndogo kuliko kitu chochote, isipokuwa mashaka ya mtu anayejiamini.' Yangu hayo! 'Historia ni bibi asiyechoka kusimulia.' Yangu! Mnamsikia mtoto?" Akafunua ukurasa. Akafunua mwingine. Akalamba kidole, akafikicha karatasi akidhani zimegandana. Zilifunguka vizuri, moja moja, nyeupe kama shuka za hospitali. "Mbona... Kiranja, mbona hukumaliza?"

"Nimemaliza, baba."

"Hapa hakuna kitu."

"Nimeandika yote uliyonifundisha. Hata moja sijasahau."

Kwenye kochi Kasuku alikuwa anatazama juu ya bega la mama yake, kwenye nafasi ya kibao. Hapakuwa na mtu.

Profesa alikigeuza kijitabu, akakitazama jalada la nyuma. Vijimoyo viliendelea kupanda kwa muda, maana watu wa mtandaoni huchelewa kuelewa, kisha vikapungua.

"Zima," alimwambia mama.

Mama hakuzima. Aliishika kamera kwa mikono yote miwili. "Ni mbashara, baba watoto," alisema. "Na darasa letu halina kuta."

"Wapendwa, naona mtandao hapa unasumbua kidogo..."

"Hausumbui, baba," Rubani alisema kwa msaada wote. "Umejaa kabisa, angalia."

Profesa alitazama karatasi tena. Alirudi ukurasa wa kwanza, midomo ikasoma kimyakimya yale maneno yake ya mapishi, na kwa namna alivyoyasoma ilikuwa wazi kwamba hata sasa aliyaona mazuri. Kisha akakikunja kijitabu mara mbili, akakitia mfuko wa shati, akatoka nje. Kiranja alijipekua kifuani kutafuta huruma. Aliikuta, kidogo, chini kabisa kama sarafu kwenye mkoba. Akaiacha hukohuko.

Jioni Mama Mkubwa alimwita ofisini.

"Kidato cha kwanza," alisema.

"Mama Mkubwa, mimi—"

"Nakujua wewe. Asiyejua hujaza, mwanangu. Nimesahihisha wasiojua maisha yangu yote, wanajaza mpaka pembeni. Wewe umeacha kwa mpangilio. Na swali la asidi umelitoboa tundu, hukuandika neno." Akavua miwani. "Ila karatasi ndiyo hiyo, na ulimwengu mzima umeiona. Nikikupandisha kesho, baba yako atasema tulipanga njama, na safari hii atakuwa na haki. Utakaa na wadogo mpaka muhula uishe. Ukiwapita wote, tutaongea."

"Na maabara?"

"Kidato cha kwanza hawagusi kemikali. Wanaosha vyombo vya wakubwa zao."

Kiranja aliitazama miguu yake. Magoti yake yasingeingia chini ya dawati la kidato cha kwanza, hilo alilijua bila kupima. Na vitoto vile vitamwita shangazi.

"Nitaosha," alisema.

Giaboksi ilikuja siku ambayo sare zao zilikuwa zimeshaanza kupauka kola. Profesa alitangaza msimu mpya: Profesa Peke Yake, safari ya mwalimu anayejitafuta. Kitabu chenye matairi pale ubavuni alikiongezea mabawa. Mama alikuwa amerudi wodini kwa majaribio. Asubuhi ile aliiweka kamera juu ya boneti, akasema, "Jishikie," akaondoka kabla zamu haijaanza.

Kiranja alikuwa kwenye sinki la maabara, mikono imezama hadi viwikoni, aliposikia honi. Alitoka na kichupa chembamba mkononi, kinadondosha maji. Rubani na Kasuku walikuwa wameshapangwa kando ya lango, kwa urefu.

"Nikiondoa gari, mpunge!" Profesa alipaza sauti, kamera ameibandika dirishani. "Kwa furaha! Kwa kujiamini!"

Basi likasogea, likatoa moshi. Kasuku alipunga kwa mikono yote miwili na machozi yakamtoka ya kweli, kwa kuwa alikuwa baba yake. Rubani alipunga huku anasikiliza injini kwa sikio la mashaka. Kiranja aliinua mkono, akapunga.

Basi likasimama. Likarudi kinyumenyume mpaka langoni.

"Tena!" Profesa alitoa kichwa nje. "Jua lilikuwa nyuma yenu, hamkuonekana. Kiranja, wapange. Tunarudia!"

Kiranja alimtazama mtu yule aliyetoa kichwa kwenye dirisha la basi, anangoja aagwe upya kwa mwanga mzuri. Akamgeuzia kisogo, akarudi ndani. Kule kwenye sinki aliinua kichupa dhidi ya dirisha, akakizungusha. Kulikuwa na ukungu mwembamba chini, rangi ya mtu mwingine, mtu wa kidato cha tatu mwenye miayo. Akashika brashi, akakiosha tena.